Breki za Dada Pindo

Kwanza tuelewane: Sikio hakuwa mwizi. Ukimwita mwizi alinuna siku nzima. Mwizi huchukua vya watu, yeye alikuwa anapewa, na shukrani juu.

Jina alilipata kwa tabia yake ya kuinamia magari ya watu na kuyasikiliza, macho kafumba, kisha kutikisa kichwa kwa huzuni. Wengi walimjia na gari lenye ubovu mdogo wakaondoka kwa miguu, njia nzima wakimwombea dua.

Asubuhi hiyo alisimama chini ya mteremko wa sokoni, mahali ambapo kila gari lazima lifunge breki. Ikaja pikapu ya zamani. Dereva alipokanyaga breki, ikatetemeka yote: usukani unacheza, vioo vinagongana, mlango wa nyuma unapiga kelele. Alipoachia, kimya.

Sikio akajua palepale. Gari linalotulia likikimbia, likatetemeka likifunga breki, tena usukani ukacheza, hilo diski zake za mbele zimepinda kidogo. Ni kazi ya saa chache kwa mchonga vyuma. Ukweli huo akautia mfukoni, akajitokeza na sura ya msibani.

"Simama, dada yangu. Umetoka mbali na hii?"

Dereva alikuwa fundi wa nguo. Mtaani walimwita Dada Pindo, kwa sababu pindo alilolishona yeye halikufumuka.

"Kuna nini, kaka?"

Sikio akaingia uvunguni mwa pikapu, akagonga hapa na pale kwa spana, akasikiliza, akatoka akijikung'uta vumbi polepole.

"Una watoto?"

"Wawili."

"Maskini." Akainamisha kichwa, kwa heshima ya watoto. "Chasisi imepinda. Hili ni jeneza lenye matairi. Liuze leo kwa bei ya chuma chakavu, kabla halijakumaliza. Nitalichukua mimi mwenyewe, basi tu nikusaidie."

Dada Pindo akashika kiuno. Akaitazama pikapu, akamtazama Sikio.

"Nilijua," akasema. "Kila nikifunga breki roho inaniruka. Ichukue, kaka. Mungu kakuleta."

Mjanja mwingine hapo angejiuliza mbona mambo yamekuwa mepesi. Lakini mwerevu hajinyoi, na Sikio alikuwa keshaanza kuona pikapu iko uani kwake.

"Ila kadi ya gari nitakupa jioni," Dada Pindo akaendelea. "Leo nahama. Nina vyerehani sita vya miguu na meza ya kukatia. Mwenye nyumba kasema saa kumi anapiga kufuli lake, kitakachobaki ndani ni chake. Wiki nzima sijalala kwa hofu. Breki hizi na mzigo wote huo mimi siziwezi. Ngoja nikamwite dereva pale gereji, ni fundi mzuri sana wa breki."

Sikio akamkatia njia haraka. Fundi wa kweli akiigusa ile pikapu dakika mbili, chasisi ingenyooka yenyewe.

"Dereva wa nini, na mimi nipo? Nitakuhamisha mimi. Bure."

"Kweli? Wanaume wenye moyo kama wako wamebaki wangapi, kaka?"

Akamvisha kilemba cha ukoka, na Sikio akakivaa kikamkaa vizuri. Akapewa ufunguo.

Alianza na cherehani kimoja. Kwenye mteremko akakanyaga breki, meno yake yakagongana hadi chini. Akafikiria vile vitano vilivyobaki, chuma kitupu, vikimsukuma kwa nyuma. Halafu akajipa moyo: jioni pikapu ni yangu, kwa hiyo nikiitengeneza nimetengeneza mali yangu.

Dada Pindo akabaki anafunga mizigo, Sikio akakimbilia kwa mchonga vyuma nyuma ya soko, mtu mnene asiyependa maneno. Sikio mwenyewe akapiga jeki, akafungua magurudumu ya mbele, akachomoa diski. Mchongaji akazipima unene, akasema bado zinafaa, akazitia kwenye mashine akazichonga mpaka zikang'aa.

"Gari la nani?" akauliza.

"Langu," Sikio akajibu. Kwa hesabu yake hakudanganya, alitangulia saa chache tu.

Mchongaji akaguna, akatoka nje na simu yake. Aliporudi akamkabidhi brashi ya waya.

"Kwangua kutu yote pale diski inapokaa. Ukiiacha, diski itakaa upande, kesho utarudi."

Sikio akakwangua mpaka vidole vikamuuma. Akafunga pedi mpya, akakaza nati, akalipa kwa pesa yake mwenyewe, jambo ambalo hakuwa amelizoea.

Pikapu ikashuka mteremko na kusimama kimya. Lililobaki lilikuwa ngazi. Chumba kipya kilikuwa ghorofa ya tatu, na Sikio alivipandisha vyerehani vyote sita mgongoni, kimoja kimoja, kisha meza, huku sauti ikimfuata kutoka juu: "Taratibu kaka, hicho ni cha mama mkwe." Mwenye nyumba alipofika na kufuli lake saa kumi kamili, alikuta chumba cha zamani kitupu, kimefagiwa. Dada Pindo aliposikia, alilia kwa furaha.

"Sasa kadi, dada," Sikio akasema, anahema.

Dada Pindo akaingia kwenye pikapu, akaenda hadi kona, akafunga breki kwa nguvu mara mbili, akarudi. Majirani wapya walikuwa wameshajaa kwenye ngazi.

"Mimi nilikubali kuuza gari lenye chasisi iliyopinda," akasema. "Hili halina. Au umeinyoosha chasisi mchana huu?"

Sikio akawatazama majirani. Akisema ameinyoosha, watamcheka. Akisema haikupinda, amejiumbua mwenyewe.

"Zilikuwa diski," akajibu chini chini.

"Najua. Shemeji yangu aliniambia tangu juzi, ila pesa yote nilikuwa nimeitoa kodi ya chumba hiki."

"Shemeji yako nani?"

"Mchonga vyuma. Mchana kanipigia, kuna mtu kaleta gari langu anasema lake, aite watu? Nikamwambia amwache, ahakikishe tu anakwangua kutu vizuri."

Sikio akaketi kwenye ngazi, akaomba maji ya kunywa. Akaletewa, akaulizwa kama kesho ana nafasi, maana jirani wa ghorofa ya pili naye anahama.