Vishikio Vinavyotembea Vyenyewe

Jumanne, 28 Juni 2005

Iandikwe kwanza hii: katika Bariadi nzima hakuna sauti inayotoka kwenye spika bila mimi Maige kuijua. Harusi, msiba, mnada wa ng'ombe, mkutano wa hadhara, vyote vimepita mkononi mwangu. Kuna waziri mmoja (jina nalificha kwa usalama wake), maiki ilimgomea katikati ya hotuba. Niliigusa kwa msumari tu, ikaanza kuongea kabla yake. Watu wakapiga makofi. Waziri akadhani anapigiwa yeye.

Sasa habari mbaya. Mashimba, yule mnunuzi wa pamba mwenye lori la bluu, ameleta mashine kutoka Mwanza. Mixa ya dijitali, ya kuchanganya sauti! Tangu pamba iachiwe huru kila mwenye mizani ni tajiri, na kila tajiri anatafuta namna ya kuwavuta wakulima kwenye mizani yake. Mashimba kaamua kuwavuta kwa ngoma. Siku ya Sabasaba makundi ya ngoma ya Bagalu na Bagika yatashindana uwanjani kama kawaida: kila kundi upande wake, wanacheza kwa wakati mmoja, litakalovuta watu wengi ndilo limeshinda. Ila safari hii maiki za makundi yote mawili zinaingia kwenye mashine moja. Moja! Na kila kitu kitarekodiwa, mshindi atolewe kanda.

Nani atakaa kwenye mashine? Sio mimi. Ni binti aliyekuja nayo, anaitwa Felisita.

Nimeanza kunusa kitu.

Jioni Nyanda, manju wetu wa Bagalu, yaani kiongozi wa nyimbo, kaniita mbele ya wapiga ngoma. Kasema mwaka jana tulishindwa kwa sababu spika zangu zilikoroma kama fisi mwenye mafua. Nikasema lilikuwa vumbi. Kasema vumbi lilikuwa pande zote mbili. Kisha katoa hukumu: tukishindwa tena, Maige anaachia vyombo, anashika pipa la maji ya kunywa waimbaji. Wakacheka mpaka mmoja akaangusha ngoma. Mimi! Pipa!

Jumatano, 29 Juni

Nimekwenda ghalani kwa Mashimba kupeleleza. Nimejifanya naulizia bei ya pamba. Pamba sina, lakini kuuliza hakukatazwi.

Nimeiona. Pana kama mlango wa stoo, ina kioo kinachowaka na safu ya vishikio vya kusukuma juu na chini, kila kimoja na maiki yake. Hivyo navijua. Hata mixa yangu inavyo, vichache vinafanya kazi. Lakini binti kabonyeza kitufe, na vile vishikio VIKATEMBEA VYENYEWE. Vyote! Vingine vikapanda, vingine vikashuka, vikasimama kimya kama askari. Hakuna mkono wa mtu.

Nilirudi nyuma mpaka nikajikuta nimekaa juu ya robota la pamba.

Felisita kasema, "Usiogope baba, inakumbuka tu nilivyoipanga." Inakumbuka! Nikamwambia siogopi, napumzisha miguu, na kwamba kubwa kuliko hiyo niliiendesha kule Nassa, nimesimama ndani ya mtumbwi, mvua inanyesha. Akauliza ilikuwa na chaneli ngapi. Nikasema zote.

Mimi si mtoto. Kundi la ngoma haliendi uwanjani bila samba, dawa ya kuvuta watu. Inafukiwa, inapakwa, inafungwa ndani ya ngoma. Sijawahi kusikia imetiwa kwenye mixa, lakini siku hizi kila kitu huria.

Nikamuuliza kijanja, kama mtu anayepiga soga, kwao ni wapi. Mwanza. Na mama? Mama mtu wa Zagayu. Zagayu! Huko ndiko Athanasi alikooa. Athanasi ndiye manju wa Bagika. Na huyo Athanasi ni kaka wa mke wangu Esteria. Unaona mambo yalivyofungamana?

Nyumbani nikamweleza Esteria kila kitu, ila ya muhimu nikayaficha. Kaniambia, "Kwa hiyo mtu akizaliwa na mama wa Zagayu ndio tayari kanunuliwa?" Nikanawa mikono. Yeye mwenyewe ni dada wa adui. Nimeona ugali wa leo ulikuwa mdogo kuliko wa jana.

Ijumaa, 1 Julai

Nimepanda lori la mahindi mpaka Ipililo kwa Machibya, mtaalamu wa dawa za ngoma, mtu mwenye jina. Nikamweleza nataka dawa ya kuzuia vishikio visitembee.

Alifikiri sana. Akauliza vinatembea kwenda wapi. Nikasema juu na chini. Akauliza vinakula nini. Nikasema umeme. Akavuta kiko chake, akasema, "Nkoi, rafiki yangu, dawa zangu ni za watu na ng'ombe. Vya umeme waulize wenye umeme." Nikamwambia waziwazi kwamba kumbe na yeye Bagika wameshamfikia. Akaniitia mbwa. Mbwa alikuwa mzee lakini alijitahidi.

Suruali ya pili sina, hilo tuliache.

Wakati wa kurudi, nimelala juu ya magunia, akili ikafunguka. Kwa nini nizuie mashine? Anayekaa kwenye mashine ndiye mwenye dawa! Nikikaa mimi, navishusha vishikio vya Bagika taratibu, Athanasi anabaki kufungua mdomo kama sato nchi kavu, watu wanahamia kwetu. Pipa abebe mwingine.

Mimi ni mtu wa hatari. Wakati mwingine najiogopa.

Jumapili, 3 Julai

Baada ya ibada nimempelekea Felisita matobolwa, viazi vya kuchemsha na kukausha, na karanga. Nimemwita mayo, kwa heshima kama mama yangu. Nimeomba nimsaidie Sabasaba, hata kupangusa vumbi tu. Kafurahi! Kasema mtu wa vumbi anamtafuta kweli, uwanja ule utaua mashine. Wajanja sana hawa, lakini kwenye karanga wanalainika.

Akanionyesha. Chini ya vishikio amebandika tepu mbili zenye maandishi ya kalamu. Ya juu imeandikwa Bagika: manju, kiitikio, ngoma kubwa, ngoma ndogo. Ya chini imeandikwa Bagalu: manju, kiitikio, vilevile. Tepu mbili kwa vishikio vilevile! Akaeleza kwamba ukibonyeza kitufe namba moja vishikio vinakuwa vya Bagika, ukibonyeza namba mbili vinakuwa vya Bagalu. Nikamwambia asijisumbue, namba nilizimaliza darasa la nne. Macho yangu yalikuwa kwenye ile tepu.

Jina letu liko CHINI ya lao. Limelaliwa. Kuna Msukuma asiyejua maana ya hilo?

Alipotoka kuosha mikono, niliibandua ya chini, nikaitia mfukoni mwa shati. Sasa jina letu liko huru. Imebaki moja tu, Bagika, wazi kabisa, hata asiyesoma angejua cha kushusha. Nimepiga ndege wawili na sijatumia hata jiwe.

Jumatano, 6 Julai

Majaribio ya vyombo. Felisita kaniwekea hedifoni nisikie. Nikasikia Athanasi anapumua, yuko ng'ambo ya uwanja! Anapumua kama mtu mwenye siri. Alipopumzika akaja kunywa chai na Felisita, wakacheka. Nikasogea, wakaacha kucheka. Kumbe chai ilikuwa imeisha, lakini nimeandika hivyo hivyo.

Athanasi kanisalimia, "Shemeji, naona umepandishwa cheo, umekuwa kitambaa." Watu wakacheka. Nikapangusa kwa nguvu zaidi.

Felisita kauliza nani kagusa tepu yake. Nikasema upepo. Kasema haidhuru, yeye anavijua kwa kichwa. Vizuri. Na mimi nakijua changu.

Alhamisi, 7 Julai

Sabasaba. Umati haujawahi kuonekana. Baiskeli zimelazwa mpaka barabarani. Fahali wa zawadi amefungwa kwenye lori la bluu, na Mashimba amesimama juu ya lori hilohilo aone umati wa kila upande. Yeye ndiye mwamuzi. Nikamwambia awe macho. Akauliza na nini. Nikamwambia atajua baadaye.

Haki niitendee: tulianza vizuri. Nyanda alikuwa anaimba kama mtu aliyemeza radi. Umati kwetu ulikuwa mnene, kina mama wanapiga vigelegele. Mwingine angeridhika. Lakini mimi nilimwona Athanasi anatabasamu. Mtu anayeshindwa anatabasamu nini?

Mara waya wa ngoma yetu kubwa ukachomoka, mchezaji kaukanyaga. Felisita akabonyeza kitufe, vishikio vikatembea, akakishusha kimoja, akakimbia kwenda kuuchomeka. Kasema, "Baba kaa hapa, pangusa tu, usiguse kitu chochote." Kitufe namba mbili kilikuwa kinawaka. Nikasema kiwake.

Nikakaa. Kiti kilikuwa changu tangu mwanzo, kila mtu anajua.

Nikaitazama tepu. Bagika. Nikakishusha cha manju, polepole, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mtoto aliyelala. Nikasubiri. Athanasi akazidi kusikika! Nikashusha kiitikio. Akazidi! Nikashusha ngoma zote mbili, nikakandamiza kwa vidole mpaka chini kabisa, na Bagika ikalia uwanja mzima kana kwamba hakuna kundi lingine duniani. Nikamtazama Nyanda. Anafungua mdomo, mishipa ya shingo imesimama, sisikii kitu. Samba! Wameshamfunga sauti! Na umati wetu ukaanza kusogea. Wazee wenye fimbo, kina mama wenye watoto mgongoni, hata jirani yangu ambaye nilimkopesha jembe.

Nikaamua kama kiongozi. Niende mwenyewe upande wa Bagika nikachunguze dawa wameificha wapi. Nikaiacha mashine, nikavuka.

Nikachunguza. Uchunguzi ulichukua muda.

Nilipogeuka, Felisita alikuwa amerudi. Kapiga kitufe kimoja, vishikio vikaruka juu, Nyanda akalipuka kwenye spika katikati ya neno mpaka mbuzi wakakimbia. Lakini umati ulikuwa umeshakaa, na umati ukishakaa hauinuki. Mashimba akanyoosha mkono kwa Bagika. Fahali akafunguliwa.

Ijumaa, 8 Julai

Tumeitwa ghalani kusikiliza ilivyorekodiwa. Nilikwenda na moyo mwepesi. Nilikuwa na maelezo.

Felisita kaiwasha. Mungu wangu! Nyanda anasikika mwanzo mpaka mwisho, hakukatika hata kidogo, mzuri kuliko alivyowahi kuwa. Nyanda akasimama, machozi yanamlenga. "Kumbe nilikuwa naimba!" Felisita kaeleza kwamba kurekodi kunachukua sauti kabla haijafika kwenye vishikio, kwa hiyo ukivishusha, uwanja unanyamaza lakini kanda inasikia. Sauti ilikuwepo. Kuna mtu aliizuia njiani.

Wote wakanitazama.

Nikasema ni dawa. Nikasema niliiona kwa macho yangu. Nikaitaja Zagayu, nikamtaja Machibya na mbwa wake. Nilikuwa nasema vizuri, hata Mashimba alianza kuzubaa. Felisita kauliza tu, kwa upole, "Baba, tepu yangu ya Bagalu ulisema ilichukuliwa na upepo?" Na Esteria, ambaye hakuna aliyemwalika, akasema upepo huo uko mfukoni mwa shati, kaukuta akifua.

Nyanda hakupiga kelele. Hilo ndilo lililoniuma. Alikaa juu ya robota, kofia mkononi, kasema taratibu, "Tulikuwa tunashinda, Maige. Tulikuwa tunashinda bila wewe kufanya kitu." Kanda ambayo ingekuwa yake ya kwanza maishani imekwenda kwa Athanasi. Kisha akanyoosha kidole kule nje lilikokuwa pipa.

Jioni Athanasi kaleta paja la fahali mpaka mlangoni. "Shemeji, hii ni sehemu yako. Kazi uliyotufanyia, hata wapiga ngoma wangu hawakufikia." Nimemwambia aondoke. Paja libaki.

Jumamosi, 9 Julai

Nimelala nikalitafakari jambo hili. Watu hawaelewi. Pipa ni cheo. Anayeshika maji ndiye anayeshika koo, na anayeshika koo ana haja gani na vishikio? Mwakani jua litakuwa kali. Bagika watatamani maji. Nitawapa. Nitawapa kwa ukarimu, yenye chumvi ya mawe, kikombe baada ya kikombe. Athanasi ataimba kama chura wa kiangazi. Mashine ikumbuke hilo!

Asubuhi nimelikagua pipa. Lina tundu dogo upande wa chini. Nani kalitoboa? Nina majina. Nimeanza na Esteria.

Liko jambo moja nitaliandika hapa tu, kwa sababu Esteria hasomi mwandiko wangu. Ule uchunguzi wa juzi. Nilipofika upande wa Bagika dawa sikuitafuta. Wimbo ulikuwa mtamu, watu wakanipisha, nikajikuta mstari wa mbele nimepandisha suruali, nacheza. Na kiitikio chao nilikuwa nakijua chote.