Picha za Mama Ziko Chumba cha Pili

Jumatatu, 3 Machi 2025
Mama anazikwa Ijumaa. Picha zake zote ziko kwenye kompyuta yake ya mezani, chumbani mwake. Aliiacha inawaka siku alipopelekwa hospitali. Programu ya mazishi, ya kuchapishwa na picha zake, naiandika kwenye laptop yangu, sebuleni. Kompyuta mbili, nyumba moja hapa Kiuu, waifai moja. Hazionani.

Dada yangu Waruguru anataka tumwite mumewe Kyalo, fundi wa kompyuta Ruiru mjini. Nimekataa. Kifungua mimba ni mimi. Tena Kyalo hushusha pumzi kabla ya kukujibu. Waruguru ameuliza kwa nini nisihamishe picha kwa flashi. Flashi ni ya watu wasiojua mtandao.

Jumanne, 4 Machi
Nimegundua kila kompyuta ina namba yake, kama nyumba za kupanga. Nimezipa zote mbili namba ya rauta, kile kisanduku cha waifai, maana rauta ndiyo mkubwa wa nyumba.

Intaneti ikakatika kila mahali. Waruguru alikuwa akiongea kwa video na Tata Waithira, dadake Mama. Tata akaganda kinywa wazi, analia. Nimesema ni mvua.

Jumatano, 5 Machi
Kyalo alikuja kutoa pole. Akachungulia laptop, akashusha pumzi. Akasema namba zinagongana, niziache zijipangie zenyewe, kisha niiruhusu kompyuta ya Mama kugawa folda zake. Dakika kumi tu. Nikamwambia chai iko jikoni.

Alipoondoka nikarudisha namba zilivyokuwa mwanzo. Jina la kompyuta ya Mama likatokea kwenye laptop yangu: MAMA. Nililitazama muda mrefu. Ni kana kwamba yuko chumbani anashughulika na mambo yake.

Nikabofya. Ikakataa. Folda sikuwa nimeziruhusu. Hilo lilikuwa wazo la Kyalo. Nikaizima kompyuta ya Mama na kuiwasha ili itulie. Ikadai nenosiri la Mama.

Alhamisi, 6 Machi
Nilijaribu jina langu. Halikukubali. La marehemu Baba. La kanisa. La ng'ombe wetu wa zamani. La Waruguru sikulijaribu, sikuona sababu.

Mpiga chapa alitaka programu saa kumi. Nikachagua kuirudisha kompyuta ilivyotoka dukani. Iliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nilikuwa nayo.

Saa nane ilifunguka bila nenosiri. Safari hii folda nikaziruhusu. Zikaonana! Folda ya picha ilikuwa wazi, tupu.

Waruguru aliingia. Nikamweleza habari ya nenosiri.

“Lilikuwa jina langu,” alisema. “Ungeniuliza.”

Akakaa kwenye kitanda cha Mama.

Ijumaa, 7 Machi
Tumemzika Mama. Programu ilikuwa na picha moja, ya kitambulisho, amekunja uso. Wengi waliikunja haraka wakatia mfukoni. Kyalo anasema mtu yeyote asiiwashe ile kompyuta, huenda picha chache zikaokolewa. Waruguru alinipa chakula bila kuniangalia. Sikuweza kukila.

Jioni Mchungaji Gachau alinishika mkono. Baada ya pole akasema kompyuta mbili za ofisi ya kanisa hazionani, na moja ina rejista yote ya ubatizo na ndoa tangu kanisa lianzishwe. Aliomba namba ya Kyalo. Nimemwambia asimsumbue shemeji yangu, amechoka. Kesho saa tatu niko huko.