Mtaa Mzima Mayai

Jumatatu, 3 Machi
Binti yangu amemaliza programu yake. Unaifungua kwenye simu, inakuuliza maswali, halafu inakwambia uanzishe biashara gani na uanzie wapi. Kazi yote kaifanyia kwenye meza yangu ya kulia, waya kila mahali, pa kuweka sufuria hakuna! Jumamosi anakuja mfadhili. Akikuta hakuna aliyeanza biashara kwa programu hiyo, msaada basi, na mwanangu atahamia kwa mjomba wake, mji wa mbali, akatafute kibarua. Nimeuliza wameingia wangapi. Mmoja. Huyo mmoja ni mimi, nilibonyeza kwa bahati mbaya.

Mama hakai akatazama.

Jumanne, 4 Machi
Nimepita nyumba kwa nyumba na simu yangu. Kina mama wanasema maswali yanatisha. Nikawaambia wakae, nitajaza mimi. Swali la kwanza: unajua kazi gani? Sasa niandike nini? Ninayoijua mimi ni kuuza mayai. Nimeandika mayai. Je, mtaani yupo mwingine mwenye biashara hiyo? Yupo, ni mimi, lakini mtu hajitangazi. Nimeandika hapana. Wote vivyo hivyo. Kumbe maswali ya wasomi mepesi!

Madoido, yule wa saluni mkabala na kwetu, amenicheka. Eti mwenzangu, tangu lini wewe na programu, si wewe uliyekuwa unaongea na simu umeishika kichwa chini? Nikamwambia abaki na wivu wake. Jioni kaja kwa mlango wa nyuma, na yeye ajaziwe.

Alhamisi, 6 Machi
Programu haina hiyana! Imewaambia wote wauze mayai, hakuna mpinzani. Asubuhi natoka na trei zangu, mke wa fundi viatu ana trei. Mjane wa kona ana trei. Madoido kaweka ya kwake ndani ya saluni, na kibao juu: MAYAI YA KISASA. Akaniuliza kwa sauti, mtaa usikie, kama na mimi ndiyo naanza biashara ya mayai, maana programu haikunitaja.

Sijauza hata moja. Tumekula mayai mchana, tumekula na usiku. Baba watoto ameuliza kama kuku wamefilisika.

Ijumaa, 7 Machi
Binti amegundua. Akauliza imekuwaje mtaa mzima ukawa na kipaji kimoja. Anataka kumweleza mfadhili ukweli. Nimemwambia mwanangu, ukweli ni mzuri, lakini si wa kuwapa wageni. Kasema programu haikukosea, mama, imemshauri mtu mmoja mara nyingi. Sijamwelewa.

Jumamosi, 8 Machi
Mfadhili kaja na raba nyeupe. Kapiga picha kila trei, kasema hajaona mtaa wenye ari kama huu. Binti akafungua mdomo, akasema yote! Nikaomba ardhi inimeze. Mfadhili akafuta picha moja moja. Halafu kasema afadhali mkweli mwenye programu mbovu. Kampa muda arekebishe. Mwanangu haendi popote! Nimelia, nimemkaangia mfadhili mayai.

Jumapili, 9 Machi
Binti ameirekebisha: simu moja, mtu mmoja tu, na kila mtu ajibu ya kwake. Nimeelewa kabisa. Sitatumia tena simu yangu kwa watu wengine. Nimezikusanya simu za kina mama wote kwenye beseni, hizi hapa. Mayai yametosha, safari hii wote naandika sabuni.

Nimeanza na simu yangu.