Kipimo cha Uchovu

Mdomo-Asali hakuwahi kusomea udaktari hata siku moja, lakini koti jeupe lilimkaa vizuri, na mjini koti ni nusu ya shahada. Siku alipomsikia mwenye kampuni fulani akifoka ndani ya lifti kwamba wafanyakazi wake wanajifanya wamechanganyikiwa ili wapate likizo, alimeza mate. Riziki hiyo, imejileta yenyewe!

Kesho yake akaingia ofisini kwa bwana huyo, simu mkononi. "Bosi, mtu anaweka kidole gumba hapa tu. Kijani, akili imetulia. Nyekundu, uchovu umefika kwenye ubongo. Haidanganyi."

Asichosema ni kwamba aliitegesha itoe nyekundu kwa kila kiumbe. Nani atanunua nasaha za kutuliza akili, alizoziuza pamoja na kipimo, akiambiwa ni mzima? Bosi, kwa hamu ya kuwanasa wavivu, akaagiza kila kitu, na mtunza fedha akaambiwa aandae malipo.

Sasa huyo mtunza fedha ndiye aliyekuwa hoi kuliko wote. Usiku hapati usingizi, moyo unamwenda mbio, analia chooni huku amefungulia bomba asisikike. Likizo ameomba mpaka amechoka kuomba. Jibu la bosi: "Uchovu ni uvivu uliosoma." Alipoletewa ile simu aijaribu, hakuweka kidole; aliweka ndizi aliyokuja nayo kazini. Simu ikatafakari, ikalia: nyekundu! Eti ndizi imeelemewa na mawazo. Dada wa watu akaimenya, akaila.

Wafanyakazi wote walipoitwa mkutanoni wapimwe kwa ile simu, akanyoosha mkono kwa adabu zote. "Bosi, kwa kuwa haidanganyi, mwenye nyekundu atafanywaje?"

"Likizo mwezi mzima, na mshahara juu!" bosi alinguruma, akijua watapatikana wawili watatu. "Na wa kijani asinisumbue tena!"

"Basi tuanze na mkubwa wetu."

Mdomo-Asali akamsogezea simu, bosi akaweka gumba. Nyekundu. Loo, alivyonywea! Akashika kifua, akaita dereva, akaenda zake kulala. Waliobaki wakapanga foleni: wa mapokezi nyekundu, mlinzi nyekundu, mtunza fedha nyekundu, hata mpika chai aliyeajiriwa juzi, nyekundu. Ofisi ikafungwa mchana kweupe.

Mdomo-Asali akamkimbilia mtunza fedha kwenye ngazi. "Dada yangu, malipo yangu kwanza!"

"Pole, kaka. Siruhusiwi kugusa kazi. Ubongo wangu si umeuona mwenyewe?"

"Aa, ile... wakati mwingine hukosea kidogo."

"Hukosea?" Akapaza sauti, na wenzake wote waliokuwa wakishuka wakasimama. "Jamani, daktari anasema kipimo chake hukosea! Nimpigie bosi?"

Jasho likamtiririka ndani ya koti. "Sijasema hivyo, dada. Nenda... nenda kapumzike."

"Nitapumzika," alisema, akitafuta funguo kwenye mkoba. "Lakini kwanza napitia hospitali, nikaonane na daktari aliyesoma."