Wastani wa Mkondo B

Jumatatu, 12 Mei
Baridi ya kuuma masikio. Huu upepo wa Sumbawanga haujanizoea, na mimi mtu wa Tukuyu sijauzoea. Lakini siku njema! Mkuu wa Shule, Mwalimu Fabiani, katangaza kikaoni: Ijumaa Kidato cha Tatu chote kitafanya jaribio la takwimu. Mkondo A ni wa Madamu Gaudiosa, mkondo B ni wangu. Mkondo wenye wastani mkubwa, mwalimu wake anakuwa mkuu wa idara ya hesabu. Nikamtazama Madamu. Anamenya karanga. Hana wasiwasi kabisa! Kiburi gani hicho?

Mkuu wa idara ana kiti chenye mgongo na droo inayofungwa kwa ufunguo. Nikajiambia: Isakwisa, wakati wako umefika.

Jumanne, 13 Mei
Nimefundisha wastani, modi na mediani kwa kipindi kimoja. Wa madawati ya mbele, akina Silvana, wanaelewa kabla sijamaliza sentensi. Nimefundisha nikiwatazama wao tu, inatia moyo. Wa katikati wananakili. Nyuma kabisa yuko Polikarp na genge lake. Akauliza mediani ni nini. Nikamwambia ni ile alama inayokaa katikati ukishazipanga zote kuanzia ndogo hadi kubwa. Akauliza: sasa tunaitafuta ya nini, na yenyewe imekaa tu?

Darasa likacheka. Mimi sikucheka. Huyu peke yake anatosha kuuporomosha wastani wangu.

Jumatano, 14 Mei
Nimepata! Wastani ni jumla ya alama, ugawe kwa idadi ya waliofanya. Waondoe wabovu, wastani unapaa wenyewe. Na maharage ya shule yamekaukia shambani! Nimeunda Kikosi Maalumu cha Mavuno, kamanda Polikarp, askari ni genge zima la nyuma. Kazi mpaka Ijumaa jioni. Wenzake wakashangilia. Yeye akasita.

"Mwalimu, na jaribio je?"

Nikamwambia shule inahitaji chakula. Akaniangalia muda mrefu, akabeba gunia. Sikuupenda ule mtazamo. Lakini akili nimeitumia!

Alhamisi, 15 Mei
Balaa. Madamu Gaudiosa kawakuta shambani. Nilidhani atawafokea. Wapi! Kakaa nao chini, kwenye vumbi, na gauni lake la kanisani. Nilichungulia nikiwa nyuma ya choo cha walimu. Kila mmoja anapasua ganda, anahesabu punje. Akawaambia wayapange maganda, lenye punje chache mwanzo, lenye nyingi mwisho. Halafu waoneshe lililokaa katikati.

Polikarp akaruka. "Kumbe mediani ndiyo hii?"

"Ndiyo hii, baba."

Wakaendelea kwa Kifipa, vicheko tupu. Sikuambulia kitu.

Kutoka pale Madamu akaenda moja kwa moja kwa Mkuu. Nikaitwa. Mkuu kaniambia maharage hayafanyi mtihani, watoto wanafanya, na kesho wote wataingia.

Haya, kama siwezi kuwaondoa watu, nitabadilisha kipimo! Nikamweleza Mkuu kwamba wastani ni mwongo mkubwa. Tajiri mwenye ng'ombe mia akiingia kwenye banda la chai, wastani wa ng'ombe kwa kila mnywaji unapanda, lakini hakuna aliyepata hata kwato. Tutumie mediani! Mtoto mmoja wa mwisho hawezi kuiburuza. Mkuu akaitikia kwa kichwa, kakubali. Madamu kaulizwa, kasema hana pingamizi. Hana pingamizi! Mwanamke huyu hajui anachoingia.

Ijumaa, 16 Mei
Jaribio limefanyika. Polikarp kaandika mpaka kengele. Kaandika nini? Sijali, mediani inanilinda. Nimeenda kukikalia kile kiti, kidogo tu, kukijaribu. Kinayumba. Lakini kinayumba kwa heshima.

Jumatatu, 19 Mei
Sitaki kuandika. Naandika.

Wa madawati ya mbele wamevuka tisini. Kikosi cha maharage wamefaulu wote, Polikarp kapata sitini na moja! Nikajumlisha, nikagawa. Wastani wangu hamsini na mbili. Wa Madamu arobaini na tisa. Nimeshinda! Nikamkumbatia mwalimu wa Jiografia, ambaye hatusalimiani tangu Pasaka.

Mkuu akakohoa. Akauliza habari za ng'ombe.

Mediani. Nikazipanga alama. Wale wangu wa katikati, wanaonakili tu, ambao sikuwahi hata kuwauliza swali, wamejazana kwenye thelathini. Mediani yangu thelathini na nane. Ya Madamu hamsini na moja. Nikasema wastani nao una heshima yake, umetumika miaka na miaka. Mkuu akajibu kwamba hoja yangu ya Alhamisi ilikuwa nzuri mno, hawezi kuiacha. Makofi kwa Madamu.

Nje Polikarp ananisubiri na karatasi yake. "Shikamoo, Mwalimu. Sasa naweza kukaa mbele?" Nikamwambia akae popote anapotaka.

Jumatano, 21 Mei
Kuna semina ya walimu wa hesabu Mbeya! Nafasi moja, kati yangu na mkuu mpya wa idara. Mbeya, kwetu! Madamu kasema hataki kutumia cheo, Ijumaa tutarusha sarafu, mimi nirushe, yeye achague upande.

Nimekwenda mbio kwa Zenon, fundi wa kuchomelea kule stendi. Nimemwambia azisage sarafu mbili na kuziunganisha, iwe kichwa huku na kichwa huku. Kazi safi, huoni hata mshono. Madamu akisema mkia, kwisha habari yake.

Zenon akauliza: na akisema kichwa?

Fundi gani ana maswali mengi hivi! Kazi nyingine nitampelekea mtu mwingine.