Bolti Nne za Kengele

Jumatatu, 3 Machi 2025
Daktari anasema moyo wangu umebakiza siku chache. Basi niseme. Bolti nne zinazoshika kengele ya kanisa letu, hapa katika mtaa wetu uitwao Kenya, ni mbovu, na nilizitengeneza mimi, Mukuka, fundi mkuu wa tanuru miaka thelathini na moja! Nilizichoma hadi zikawa nyekundu, nikazizamisha kwenye mafuta. Hapo chuma hupashwa moto tena, polepole, ili kisiwe kikavu kama biskuti. Sikufanya. Nilitaka ziwe ngumu kuliko za Kabwe, yule mchomeleaji wa ng'ambo ya barabara! Kisha nikaziosha kwa asidi ya betri, zing'ae. Chuma kigumu hivyo kikila asidi na unyevu hupasuka kimyakimya. Paa linavuja pale pale. Chini yake huketi kwaya, na binti yangu Léonie yuko safu ya mbele.

Jumanne, 4 Machi
Nimemwambia Léonie kwamba malaika amekataza kengele Kwaresima yote. Akasema: "Papa, huyo malaika anaongea kama weye." Jeuri!

Jumatano ya Majivu, 5 Machi
Mpango safi. Nimemuungamia padre wetu, Abbé Michée, yote katika kitubio, ili Kabwe asijue kamwe. Sasa shusha kengele, nikamwambia. Akasema siri ya kitubio haimruhusu hata kugusa ngazi. Nirudie maneno yale yale mbele ya baraza la parokia. Mwenyekiti wa baraza ni Kabwe! Heri nife kwanza.

Jumamosi, 8 Machi
Mvua siku ya tatu. Siwezi kula hata tonge la bukari.

Jumapili, 9 Machi
Asubuhi nikajifanya ninakata roho. Nikaomba kwaya nzima iniimbie kitandani. Walikuja wote! Wimbo wa pili, kishindo kutoka kanisani. Kengele ilikuwa imeangukia mabenchi matupu. Léonie akanikumbatia akilia, akasema ni muujiza. Sikubisha.

Jumanne, 11 Machi
Kabwe amekuja na bolti iliyokatika. Akasema, kwa upole wa kuudhi, mbele ya Léonie: "Papa Mukuka, hii haikurudishwa motoni." Léonie akanitazama. Nikakiri yote. Binti yangu ameondoka bila kunifunika blanketi.

Kabwe ameahidi kutengeneza mpya, zisizo ngumu sana. Zisizo ngumu! Kwenye kengele yangu ya maziko! Nimesimama kwa mara ya kwanza tangu Februari. Nimeagiza gunia la makaa.

Na asidi kidogo, zing'ae.