Mtandao wa Ng'ambo ya Ukuta

Jumatatu, 4 Machi

Mungu ni mwema! Binti yangu kajifungua. Mtoto wa kike, kilo tatu na nusu, mapafu mazima. Simu imelia alfajiri nikiwa bado nimepiga magoti. Nikaitika amina na haloo kwa pumzi moja.

Wako mbali sana, yeye na mumewe. Wamekubaliana kwamba jina nitoe mimi. Mimi! Nikataka kulitaja palepale, jina la marehemu mama yangu, maana nimelitunza miaka thelathini kama kitambaa kizuri kisichopata mkasi. Binti akanizuia. Akasema la, mama, umwone kwanza; si wewe uliyenifundisha kwamba mtu hakatiwi nguo kabla ya kupimwa? Maneno yangu mwenyewe, yamerudi kunichoma.

Basi ni Jumapili, saa nane mchana, kwa video. Jumatatu asubuhi wanakwenda kuandikisha cheti. Jumapili nikiikosa, jina watatafuta wenyewe.

Naandika haya nyuma ya daftari la vipimo. Ukurasa uliotangulia ni kiuno cha mke wa mwalimu. Mungu amsaidie.

Jumanne, 5 Machi

Nimejaribu video ili nisije kuaibika Jumapili. Maafa. Chumba changu cha kushonea kina bati juu na zege pande zote. Mtandao wa simu hauingii. Nimetoka hadi bombani, mkono juu kama naapa mahakamani. Pua ya binti yangu ikatokea, ikakwama dakika nne. Pua nzuri, ya ukoo wetu. Lakini siwezi kumpa jina mtoto kwa kumwona pua.

Nimekwenda kwa Fundi Simu, mzee wa ndevu nyeupe mwenye kibanda hapo mbele. Akabonyeza Mipangilio, akabonyeza Waifai. Lo! Mtandao mmoja tu, mistari imejaa mpaka juu, na kufuli pembeni. SALUNI.

Daftari langu, wewe unajua. Saluni ni jirani yangu ukuta kwa ukuta, miaka sita sasa. Jina lake halisi nalijua ila silitamki. Spika yake inatikisa ukuta hadi sindano inaruka mshono. Anafungua hata Jumapili! Fundi Simu akasema si umwombe tu nywila, ni jirani yako. Nimwombe yule? Afadhali nimeze kastabini ya kidoleni.

Nimelitafakari jambo hili kwa maombi. Hewa ni ya Mungu. Mtandao unapita hewani. Tena mtandao wake ndio unaoingia chumbani kwangu bila hodi. Nani mkosaji hapo?

Nimeanza kubahatisha. Nimeandika saluni123. Sio. Nimeandika majivuno. Sio. Nimeandika shetani. Sio, nikafarijika kidogo.

Jumatano, 6 Machi

Mbinu mpya. Fundi Simu kanieleza kwamba simu yangu nayo inaweza kuwasha hotspoti, hata kama ndani yake hamna kitu, na hotspoti naipa jina nitakalo, na majirani wote wanalisoma kwenye simu zao. Nikaona mkono wa Mungu. Nitahubiri bila kufungua mdomo! Atachomwa moyo, afungue kufuli mwenyewe.

Saa tatu nimeiita MPE JIRANI NAWE UTAPEWA.

Saa tatu na nusu kwenye orodha ukatokea mtandao mgeni: JIRANI ANUNUE WAKE.

Damu ikanichemka. Nikabadilisha: MUNGU ANAKUONA.

Ikajibiwa: NA WEWE ANAKUONA.

Nilikuwa natafuta la kumnyamazisha, mara ukazuka wa tatu, sijui wa nani: FUNDI GAUNI LANGU LIKO WAPI TANGU JANUARI.

Nimezima simu. Nimemaliza gauni la mke wa mwalimu.

Alhamisi, 7 Machi

Leo nimeingia tundu la simba kwa miguu yangu. Nimesikia kwamba nywila imeandikwa kwenye kadi, kadi imebandikwa juu ya kioo, na anayeiona ni yule aliyekaa kwenye kiti. Basi nikaenda kukaa kwenye kiti.

Saluni aliponiona akadondosha kitana. Akasema makubwa haya, leo jua limechomoza wapi? Nikasema nywele tu, mama, nywele. Akanishika kichwa kwa upole hadi nikakasirika. Ati nywele zangu ni laini, ati kwa nini nazificha. Katikati ya kuosha simu yake ikalia. Hakuigusa! Mlio ukatoka kwenye spika, akajibu kwa kuongea na ukuta, spika nayo ikamsikia. Wateja hawakushtuka. Mimi nilisoma sala kimoyomoyo.

Muda wa saa tatu nzima. Kadi niliiona. Kalamu sikuwa nayo, lakini mshonaji hakosi kipande cha chaki mfukoni. Nikakunja upindo wa gauni langu, nikaiandika kwa ndani, herufi kwa herufi, kila alipogeuka. Nikatoka nimesukwa na nimeshinda.

Nyumbani upindo umejikunja, maandishi hayasomeki. Nikawasha pasi niunyooshe.

Chaki yetu hufutika kwa pasi. Ndiyo sababu tunaitumia. Miaka ishirini na saba kwenye kazi hii.

Nimelala na njaa ili kujiadhibu. Kichwa kimekazwa hata macho hayafumbi.

Jumamosi, 9 Machi

Jana sikuandika, nilikuwa nafunga na kuomba ufunuo. Umekuja leo nikichezea Mipangilio. Chini ya Waifai kuna Blututhi. Nimeibonyeza, na hapo, bila kufuli, bila mlinzi, kimekaa kitu kinaitwa SPIKA SALUNI.

Nikaunganisha. Ikakubali! Nyimbo za ng'ambo zikakatika. Kimya. Mara ya kwanza baada ya miaka sita nimeisikia cherehani yangu mwenyewe.

Mpango ukajipanga. Nipige kitu kwenye spika, Saluni atoke nje kumtafuta Fundi Simu, mimi niingie nikanakili kadi. Kwa penseli! Mahubiri niliyohifadhi kwenye simu ni ya Jumapili moja tu. Nikabonyeza. Ukutani ikanguruma sauti ya mchungaji wetu: usitamani nyumba ya jirani yako, wala ng'ombe wake, wala chochote alicho nacho!

Nilisita kidogo. Lakini yeye hakutaja waifai.

Saluni akatoka mbio. Mimi nikaingia. Wateja wawili walikuwa chini ya vikausha nywele, mmoja anaitikia amina. Nikanakili na kutoka. Nywila yenyewe: karibujirani. Unafiki mtupu! Mtu anaandika karibu halafu anaweka kufuli.

Nimejaribu, imeshika. Mistari imejaa. Asante Mungu, hukuniacha.

Jumapili, 10 Machi

Nitaandika yote.

Nimetoka ibadani, nimevaa gauni la bluu, nimeegemeza simu kwenye cherehani. Saa nane kamili, video. Nikamwona. Daftari langu, nikamwona! Ana paji la uso la mama yangu. Ana ngumi ndogo, amezikunja kama mtu mwenye kesi. Jina lilipita kinywani kama uzi kwenye tundu la sindano. Nikalitaja kwa sauti, nalia.

Binti yangu hakutikisa hata ukope. Midomo yake inacheza, sauti hamna.

Halafu nikasikia ukuta unasema: mama? Mama, unanisikia?

Spika. Jana sikuitenganisha na simu yangu. Simu imekwenda yenyewe kwa Saluni kama mbuzi aliyezoea zizi.

Na ng'ambo ya ukuta nikamsikia Saluni anaitika: tunakusikia, mwanangu! Binti akauliza nani mwenzangu? Akajibiwa ni mimi jirani wa mama yako, ukuta kwa ukuta, hebu mtoto alie kidogo tumsikie. Mtoto akalia. Saluni nzima ikapiga vigelegele, na vikausha vinaunguruma. Nikagonga ukuta kwa rula ya mbao. Wakadhani nashangilia, wakagonga na wao.

Binti akasema, mama namwona analia, haongei. Saluni akamwambia mwache, mwanangu, furaha imemkaba. Mtoto wa kwangu mimi Mungu hakunipa, lakini ningekuwa yeye ningezimia.

Binti yangu akasema, na hili nitalikumbuka mpaka kaburini, kwamba kila siku analala akiwaza mama yuko peke yake, hana wa kumgongea mlango. Kumbe ana mtu. Kumbe hata waifai anapewa. Akauliza, shangazi, jina lako nani?

Nikajua kinachokuja. Nikanyakua simu, nikakimbia. Nje, kushoto, ngazi tatu, mlango wa saluni. Nakimbia na simu usoni napiga kelele hapana, hapana! Lakini sauti hawaisikii, wanaona kichwa tu. Na kichwa cha mwanamke wa miaka hamsini na mbili anayekimbia kinakwenda juu chini, juu chini.

Niliingia saluni wakati binti, kwenye spika, anamwambia mumewe: nimemwuliza kama mtoto achukue jina la shangazi, unaona anavyoitikia kwa kichwa? Basi imekwisha. Aitwe hilo hilo.

Jumatatu, 11 Machi

Cheti kimeandikwa. Mjukuu wangu ana jina la Saluni. Miaka sita nimelikwepa, sasa nitalitamka kila siku ya maisha yangu na kulitia busu.

Amekuja asubuhi, macho mekundu. Akasema hakuna aliyewahi kumpa mtoto jina lake. Akaniambia nywila ungeniomba tu, mama, kadi ni ya kila mtu. Ile ya JIRANI ANUNUE WAKE alidhani anamjibu Fundi Simu. Akanilegezea na ile misuko. Macho sasa yanafumba. Na kutwa nzima leo spika iko chini, sindano haijaruka hata mara moja.

Nimetubu. Kwa dhati, kwa machozi. Wivu, wizi, hila, yote nimeyataja kwa majina. Kwenye simu nimebonyeza SPIKA SALUNI, nikabonyeza Sahau. Simu inasahau kwa kidole kimoja. Sisi wanadamu tunahangaika.

Ila binti kanipigia. Anasema kwenye cheti kuna nafasi ya jina la pili, na wameiacha wazi kwa ajili yangu hadi Jumapili. Jina la mama yangu! Lakini nalo nilitamke kwa mtandao wa Saluni? Kisha siku nyingine aje kusema na hilo limepita kwake? Hapana. La mama litapita njia safi.

Nimefungua orodha. Duka la dawa, ng'ambo ya barabara. Mistari mitatu, kufuli. Fundi Simu anasema mwuza dawa ni mtu mwema, nimwombe tu. Mzee yule hajui watu.

Nimechungulia dirishani mwao. Kadi ya nywila iko nyuma ya mizani, juu ya kitanda wanapolazwa wagonjwa wa mgongo.

Kesho asubuhi naanza kuumwa mgongo.